Highlands Links ya Ingonish: uwanja wa gofu ambao watu wa barabara ya Cabot Trail wanaupita tu

Wadau wa gofu mliopo Kanada, na nyie mnaojipanga kuja kutembea majira ya joto, leo nawapigia debe uwanja mmoja na sijalipwa na mtu. Unaitwa Highlands Links, jina kamili Cape Breton Highlands Links, uko Ingonish Beach kwenye kisiwa cha Cape Breton, mkoa wa Nova Scotia, yaani mashariki ya mbali kabisa ya nchi hii, ukitoka Toronto na gari unakula zaidi ya kilomita 2,000 kabla hujaiona hata bendera ya shimo la kwanza. Kila nikiutaja kwenye magrupu yetu mtu anauliza "ule wa Cabot?" Hapana jamani, siyo ule wa Cabot, na ndo maana naandika.

Kwa wasiojua: kwenye kisiwa hicho hicho, upande wa magharibi, kuna mji unaitwa Inverness, zamani watu walikuwa wanachimba makaa ya mawe pale. Migodi ikafa, mji ukapooza miaka na miaka, afu wakaja wawekezaji wakajenga Cabot Links uliokamilika 2012, na baadae Cabot Cliffs 2016. Ni viwanja vizuri mno, sibishi, viko kandokando ya bahari na ndo zile picha mnazoziona kila siku za grini (zile nyasi fupi lilipo shimo) iliyokaa ukingoni mwa jabali. Ila tangu vije imekuwa kama kisiwa kizima kina viwanja viwili tu. Mtu anatua Halifax, anakodi gari, anaendesha moja kwa moja mpaka Inverness, anacheza, anapiga picha za Insta, anarudi airport. Upande wa pili wa milima kuna uwanja upo tangu 1941, kachora Stanley Thompson mwenyewe, na yeye hata hana habari nao.

Na Thompson siyo mtu wa kupita tu hivi hivi. Mtoto wa Toronto, kazaliwa 1893 kafariki 1953, ndo aliyechora uwanja wa Jasper, akafanya Banff, akafanya Capilano kule Vancouver, na 1947 alikuwa kati ya wale waliokaa pamoja kuanzisha chama cha wachoraji viwanja wa Marekani, yeye na akina Donald Ross na Robert Trent Jones. Wakanada wanaojua gofu ukiwatajia jina lake wanakaa sawa kwenye kiti. Sasa watu wanalipa hela ya kufa mtu kucheza Banff kwa sababu ya milima na jina, halafu huu wa Ingonish ambao mi naona ndo alijiachia kuliko wote unaachiwa wenyeji na wazee wa Nova Scotia wanaokuja kila mwaka kimyakimya bila kumwambia mtu.

Historia yake kidogo, maana ina uhusiano na unachokikanyaga. Hifadhi ya Cape Breton Highlands ilianzishwa 1936, ya kwanza kwa mikoa yote ya pwani ile ya mashariki. Ilikuwa miaka ya hali ngumu, watu hawana kazi, serikali ikaona ijenge hifadhi na uwanja wa gofu na hoteli ili wavuvi na wakulima wa pale wapate vibarua na watalii waje. Wazo zuri, ila ili hifadhi iwepo kuna familia zilinyang'anywa ardhi zao, Ingonish na upande wa Cap Rouge pia, kitu ambacho sisi tunaotoka nchi za hifadhi hatuhitaji kusimuliwa sana. Kwa hiyo ukiwa pale kwenye tii ya kwanza (pale unapoanzia kupiga) unafurahia upepo, kumbuka kuna bibi na babu wa watu walikuwa na viazi vyao maeneo hayo hayo. Kazi yenyewe ilifanywa na wanaume wa kijijini, mikono na farasi zaidi ya mashine. Mawe yalikuwa mengi mpaka basi, na kuyaondoa yote ilikuwa haiwezekani, wakayarundika wakayafunika na udongo wakapanda majani juu. Matokeo yake ndo feawei zile, yaani njia za nyasi kati ya tii na grini. Daah, tutafika huko.

Uwanja una mashimo 18, jumla mipigo 72 (ndo anayotarajiwa kupiga mchezaji mzuri), urefu karibu yadi 6,600 tu kutoka tii za nyuma, kwa hiyo kwa namba za siku hizi ni mfupi na vijana wanaopiga draiva (fimbo ya mpigo mrefu) yadi 300 wanaudharau wakiiona kadi. Waache waudharau. Kitu cha kwanza cha ajabu ni mpangilio: mashimo matano ya mipigo mitatu na mashimo matano ya mipigo mitano, viwanja vingi vina manne manne. Maana yake hakuna kuzoea, ukishaanza kupata mdundo unabadilishiwa shughuli. Kitu cha pili ni safari yenyewe. Uwanja unaanzia chini ya mlima, unashuka mpaka baharini, halafu unageuka unaingia bondeni kufuata mto Clyburn mpaka ndani kabisa ambako husikii bahari tena, afu taratibu unarudi mpaka unaiona tena. Hautembei kwenye duara la nyasi, unahama mahali. Sijacheza kwingine ambako shimo la 3 na shimo la 12 ni kama uko mikoa miwili tofauti.

Shimo la 1 linapanda, halikukaribishi hata kidogo, yadi mia nne na kitu za kupanda wakati mgongo bado umelala. La 2 ndo malipo, linashuka na kupinda na mbele yako unaiona Atlantiki yote, hapo ndo wengi wanapotoa simu mfukoni na kuwachelewesha walioko nyuma. La 3 ni fupi, unapiga juu ya maji na bahari iko pale pembeni. Na yote yamepewa majina ya Kiskoti, si namba tu, la 4 linaitwa Heich O'Fash ambalo maana yake ni kama rundo la matatizo na kweli grini yake imekaa juu kichuguuni, ukipungukiwa mpira unarudi kukusalimia miguuni, ukizidisha ndo usiulize. Kuna jingine Mucklemouth Meg, kuna Tattie Bogle, kuna Sair Fecht, ukiyasoma kwa sauti wenyeji wanacheka matamshi yako na hamna tatizo, na wao jaribu kuwapa Ng'ambo na Mbagala Kizuiani uone.

Sasa la 7. Linaitwa Killiecrankie, mipigo mitano, yadi 570, na kama ningeruhusiwa kucheza shimo moja tu Kanada nzima ningeenda kucheza hilo. Unasimama kwenye tii mbele yako kuna korido ya msitu imebanwa milima pande zote, na feawei yenyewe inapanda inashuka inavimba kama bahari ya Kusi iliyogandishwa ghafla. Hakuna mahali pa kusimama sawa. Mpira uko juu ya miguu yako, mpigo unaofuata uko chini ya miguu yako, mguu wa kushoto uko juu, wa kulia bondeni, na we unatakiwa kupiga mbao ya feawei (fimbo ya mpigo mrefu kutoka kwenye nyasi) yadi 200 kwa hali hiyo. Hapo ndo yale mawe ya 1939 yanakuchekea kutoka chini ya ardhi. Watu wa magari ya kuchezea (yale ya kuzungukia uwanjani) siku hizi wangelisawazisha na buldoza wiki moja, na lingekuwa shimo la kawaida tu refu. Thompson aliliacha, na mi naamini aliliacha makusudi, kwa sababu ukiangalia vizuri kuna sehemu moja moja tambarare, ndogo, na mtu anayefikiri kabla ya kupiga anazipata. Ni shimo la akili kuliko la misuli. Wazee wa miaka 70 nimewaona wanalimaliza vizuri kuliko vijana wenye vifaa vya dola elfu tatu, piga fupi, piga fupi, piga fupi, weka, basi.

La 8 na la 9 ni mafupi, huoni unakopiga, unapiga juu ya kilima unasali. Wengine hawapendi mashimo ya upofu hivyo, wanasema siyo haki. Mi nayapenda mara ya kwanza kwa mshangao na mara ya pili kwa sababu nimeshajua siri, ila naelewa mtu aliyekuja mara moja maishani akakasirika.

Halafu kati ya la 12 na la 13 kuna kitu ambacho kwenye kadi hakipo kabisa. Unamaliza shimo, unategemea tii iko hapo jirani kama viwanja vingine, haipo. Kuna njia inaingia kwenye miti inafuata mto Clyburn, maji yako pembeni yako safi mpaka unahesabu mawe chini, na unatembea, unatembea, bila kupiga chochote. Makampuni ya leo yanayochora viwanja yangesema huo ni muda uliopotea. Mi naona hapo ndo uwanja wenyewe ulipo. Mshkaji wangu niliyekuwa nae, mtu ambaye hafungi mdomo mashimo 18 yote, pale alinyamaza, na kwa anayemjua hiyo peke yake ni review tosha.

La 15 linakurudisha, unashuka tena kuelekea baharini na kisiwa cha Ingonish kiko mbele kimekaa, na kuanzia hapo mpaka la mwisho unatamani isiishe ingawa miguu inadai iishe.

Na hapo kwenye miguu niwe mkweli. Ukitembea uwanja wote ni kilomita 10 na ushee, na milima juu. Sisi tuliolelewa kwenye gofu ya nyumbani tumedekezwa, Lugalo au Gymkhana au Muthaiga unakuta kedi wako kabeba begi, anakutafutia mpira kwenye majani, anakusomea grini, na ukikosea anakuambia "bosi umeinua kichwa" kwa adabu. Huku hamna, we na toroli yako. Kule Inverness makedi wapo, ila pale ni kutembea tu, magari hayaruhusiwi, na kedi wa Kanada analipwa hela ambayo kedi wa Dar akiisikia atatafuta viza kesho. Ingonish unaweza kuchukua gari la kuchezea na siwacheki mtakaochukua. Mke wangu alichukua, akafika na nguvu kila shimo akatupiga sote, tena kwa furaha. Ila kama afya ipo, tembea. Ukiwa ndani ya gari ile njia ya mtoni unaipita dakika mbili na hujaona kitu.

Bei. Zinabadilika kila msimu kwa hiyo cheki mwenyewe kwenye tovuti yao kabla hujaja, ila kwa nilivyolinganisha msimu wa katikati, raundi ya Highlands Links ilikuwa hata nusu ya Cabot Cliffs haifiki. Kucheza jioni ni rahisi zaidi na mwezi wa sita na wa saba kule giza linachelewa. Kwa gharama ya mtu mmoja upande ule, upande huu mnacheza wawili na hela ya kamba kochi inabaki, maana kule kamba kochi ndo samaki wao, wanamuuza mpaka ndani ya mkate kama kababu.

Kingine ambacho watu wa gofu hatukizungumzii ni familia. Safari ya gari na mke na watoto, ukiwaambia "subirini hapa masaa matano baba anacheza" wanasubiri wapi? Inverness kuna ufukwe mzuri, haki yao, ila Ingonish ni hifadhi nzima. Ingonish Beach yenyewe una bahari ya chumvi mbele na ziwa la maji baridi nyuma yake, vimetenganishwa na ukuta wa kokoto tu, watoto wakigandishwa na Atlantiki (na watagandishwa, hii siyo Kigamboni) wanahamia ziwani. Kuna njia ya miguu ya Middle Head inakwenda mpaka ncha ya rasi, inaanzia nyuma ya ile hoteli ya Keltic Lodge yenye paa jekundu, na haichoshi. Wenye mapafu wapande mlima Franey wakaangalie bonde la Clyburn kutoka juu, wakuone we mwenyewe umekuwa nukta unatafuta mpira kichakani. Na pale Cape Smokey tangu 2021 kuna gari la kamba linapandisha watu mlimani, bibi yangu angelikataa ila watoto walilipenda.

Kufika. Kutoka Halifax jipe masaa matano na vituo, unavuka Canso kwenye lile tuta walilojenga 1955 kuunganisha kisiwa na bara, unapita Baddeck ambako kuna makumbusho ya Alexander Graham Bell, ndiyo yule wa simu, aliishi na kuzikwa maeneo hayo. Kuanzia hapo unaingia Cabot Trail, barabara ya duara ya karibu kilomita 300, na ushauri wangu ni anza upande wa mashariki. Unapanda Smokey na zile kona zake, breki ziwe nzima, unashuka na Ingonish iko pale chini. Kacheze, lala, halafu endelea kuzunguka kaskazini, Pleasant Bay wanakopeleka watu kuona nyangumi, Chéticamp kwa Waakadia wanaoongea Kifaransa chao, na kama bado una hela na hamu, toka kwenye duara shuka Inverness kacheze vile maarufu mwishoni. Ukifanya kinyume, ukaanza na Cabot, utafika Ingonish umeshachoka na mfuko umeshatoboka, utasema "aah wa zamani huu, tuupite." Nimewasikia watu wakisema hivyo kabisa, kwenye foleni ya kahawa, umbali wa dakika chache kutoka tii ya kwanza!

Mabaya yake sasa, maana review ya sifa tupu ni tangazo. Usitegemee nyasi za kama zulia la msikitini, nchi ile ina baridi ndefu na msimu wa kucheza ni mfupi, kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Oktoba, na mwanzoni mwa msimu grini yoyote ya huko inakuwa bado inaamka. Kama we ni mtu wa kupima uwanja kwa kasi ya grini na mchanga mweupe kwenye banka (mitego ya mchanga), nenda upande wa pili utafurahi zaidi. Hali ya hewa ina kiburi, asubuhi jua, shimo la tano ukungu, la tisa mvua ya upande, la kumi jua tena na mbu. Mbu na wale visubi weusi mwezi wa sita ni balaa, nunua dawa kabla hujafika maana maduka ni machache. Mtandao wa simu bondeni unakata, kwa hiyo nyie wa kupima umbali na apu beba karatasi au amini macho. Na chakula njiani pangeni mapema, kuna mgahawa mmoja kabla ya mlima, sitaki kuutaja, chipsi baridi kwa bei ya pweza mzima wa Forodhani, ukiona foleni haipo jua kuna sababu.

Mipira beba ya kutosha. Msitu uko karibu pande zote na ukiingia umeingia, kuna kulungu wakubwa wale wanaoitwa moose wanakaa humo, siyo wa kuwafuata kwa ajili ya mpira wa dola nne. Wenye slaisi, yaani mpira unaopinda kwenda kulia, kama mimi la 7 mlilie mapema.

Muda mzuri kwa maoni yangu ni Septemba. Visubi wamekufa, watoto wa watu wamerudi shule, bei za vyumba zinalegea. Kuanzia mwanzo mpaka katikati ya Oktoba majani yote ya mlimani yanageuka mekundu na manjano na ndo wakati wa tamasha la muziki la Celtic Colours kisiwa kizima, kuzuri kupita maelezo ila vyumba vinajaa mapema sana, weka booking miezi kabla, na weka sweta mbili na soksi za akiba kwenye begi la gofu kwa sababu asubuhi ile nyasi ina umande wa barafu na toroli inakurushia miguuni.